Ua Limekosea Wapi? Utatuzi wa Kasoro za Maua ya Mazao Kabla ya Kushika Pampu ya Dawa

Jani likiwa na madoa, mkulima anajua pa kuanzia. Ua likigeuka kijani, au mpapai ukijaa maua bila kushika hata tunda moja, mkono hukimbilia pampu ya dawa. Hapa Uganda malalamiko hayo yanajirudia msimu kwa msimu: simsim (ufuta) ya Lira na Kitgum inayotoa vichaka badala ya maganda, mahindi yanayoota punje kileleni, nyanya za Kabale zilizokunjamana upande wa chini, mipapai ya Luwero inayochanua na kupukutisha. Fedha nyingi zinazomwagwa kwenye dawa hapo ni hasara tupu. Ua halikuharibika siku ulipoliona. Umbo lake liliamuliwa wiki kadhaa nyuma, ndani ya kichipukizi kisichoonekana kwa macho, na jeni zinazogawa kazi: wewe utakuwa petali, wewe utabeba chavua, wewe utakuwa tunda.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nipulize nini?" bali "ni kiungo gani kimegeuka, na nini kiliingilia kati kilipokuwa kinapangwa?" Majibu makuu ni manne: mbegu, hali ya hewa, dawa ya magugu iliyopeperushwa, au adui aliyeingia ndani ya mmea. Kila moja lina alama zake.

Ua linavyojengwa

Ua kamili lina mizunguko minne. Ukianzia nje kuna sepali, yale majani madogo yanayofunika tumba. Kisha petali zenye rangi. Kisha stameni zinazobeba chavua. Na katikati kapeli, ambazo huja kuwa tunda na kubeba mbegu. Mwaka 1991 Enrico Coen, aliyefanya kazi Uingereza, na Elliot Meyerowitz wa Marekani walieleza jinsi mizunguko hiyo inavyopata utambulisho wake. Walitumia mimea miwili, Arabidopsis na Antirrhinum, wakichunguza ile ambayo maua yake yalikuwa na viungo mahali pasipo pake.

Maelezo yao yana makundi matatu ya jeni, yaliyopewa herufi A, B na C. A peke yake hutoa sepali. A ikishirikiana na B, inatoka petali. B na C hutoa stameni. C peke yake hutoa kapeli. A na C hazikai chumba kimoja: moja ikiondoka, nyingine hutanuka na kuchukua nafasi yake. Baadaye likaongezwa kundi E, ambalo lazima liwepo ili hayo mengine yafanye kazi. E ikizimwa yote, viungo vya ua hurudi kuwa kama majani.

Faida ya kujua haya shambani ni hii: kiungo kisipopata amri yake, pengo halibaki wazi, bali kiungo kingine hukaa pale. B ikikosekana, petali hutoka zikiwa sepali na stameni hutoka zikiwa kapeli. C ikikosekana, stameni huwa petali, na ua huendelea kurudia petali juu ya petali, maana AGAMOUS, jeni ya kundi C, ndiyo pia inayokiamuru kichipukizi kisimame. Waridi la bustani lenye petali tele lilipatikana kwa njia hiyo: eneo la C limebanwa. Kwa muuza maua hiyo ni biashara. Kwa mkulima wa maharage, ua la namna hiyo halina chavua wala ganda.

Ukaguzi wa kufanya kwanza, dalili iwe ipi

Tembea shamba zima kabla ya kugusa mmea wowote. Mimea mmoja mmoja iliyotawanyika kati ya mizima huelekeza kwenye mbegu au kwenye mdudu mchukuzi. Kasoro inayofuata ukingo mmoja wa shamba, hasa upande wa jirani aliyepuliza dawa ya magugu, huelekeza kwenye dawa hiyo. Shamba zima likikosea kwa wiki ileile kisha maua yanayofuata yakatoka sawa, hiyo ni hali ya hewa.

Kisha rudisha hesabu nyuma. Nyanya huanza kupanga kichala chake cha kwanza ingali mche wenye majani machache. Mgomba hupanga mkungu miezi kadhaa kabla haujachungulia. Andika joto, mvua, mbolea na dawa za kipindi hicho, si za wiki hii.

Mwisho, chuma maua kadhaa mabaya na kadhaa mazuri ya aina ileile, uyafungue kwa ukucha kutoka nje kuingia ndani, mzunguko kwa mzunguko, na kuyalaza sambamba juu ya karatasi nyeupe. Kazi hii haigharimu shilingi, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Dalili: maua ya simsim yamegeuka majani

Hili ndilo tatizo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu linaonekana kama laana na watu hulipuliza kila kitu. Mmea hukua vizuri hadi kuchanua. Halafu juu, mahali pa maua meupe au ya zambarau hafifu, unakuta vijani vidogo vya kijani vilivyosongamana. Ukilifungua ua, petali ni za kijani, stameni zimekauka au zimekuwa vijani, na katikati, pale ganda lilipotakiwa kuwa, kimetoka kitawi kipya chenye maua mengine mabovu. Vifundo vya shina hutoa vitawi vingi hadi kilele kinafanana na ufagio. Mbegu hakuna.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni fitoplazma, vijidudu jamii ya bakteria wasio na ukuta wa seli, wanaoishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Hawaji kwa upepo wala kwa maji. Huletwa na wadudu warukaji wadogo wafyonzao utomvu, ambao hutoka kwenye mmea mgonjwa, kisha baada ya siku kadhaa huweza kuambukiza mzima.

Jinsi fitoplazma inavyoligeuza ua inastahili kuelezwa taratibu, maana inafunga mjadala wa "ongeza mbolea". Watafiti wa Norwich, Uingereza, walionyesha kati ya mwaka 2011 na 2014 kwamba fitoplazma moja hutoa protini iitwayo SAP54. Protini hiyo huzishika protini za jeni za ua, zikiwemo za kundi A na E, na kuzipeleka kwenye mtambo wa seli unaovunjavunja protini zisizotakiwa. Jeni za mmea hazijaharibika hata kidogo. Amri zinatolewa, lakini wapokeaji wanauawa njiani. Ua likikosa A na E hurudi kuwa jani. Tena mimea ya maabara iliyogeuzwa hivyo iliwavutia wadudu wachukuzi waje kutaga mayai kwa wingi zaidi. Mmea umefanywa nyumba ya adui, na mbolea unayoongeza inailisha nyumba hiyo.

Ukaguzi mwepesi: je, mimea migonjwa imetawanyika, pengine mingi zaidi ukingoni karibu na vichaka? Je, asubuhi mapema ukitikisa majani unaona vidudu vidogo vikiruka kwa kushtuka? Je, sehemu ya chini ya mmea ina maganda mazuri na ya juu ndiyo imegeuka? Hiyo ya mwisho inamaanisha maambukizi yalichelewa, na maganda ya chini bado utayavuna. Mmea uliogeuka kuanzia chini uliambukizwa mapema na hautakupa kitu.

Sababu ya pili, ya nadra zaidi, ni dawa ya magugu iliyopeperushwa. Hapo majani pia yamepinda na kuwa membamba, na kasoro iko upande mmoja wa shamba. Ya tatu ni mbegu yenyewe kubeba kasoro ya jeni. Utaijua kwa sababu mmea ni mmoja au miwili, hauna ufagio, na haiongezeki kadiri wiki zinavyopita. Ugonjwa huongezeka.

La kufanya: ng'oa mmea mgonjwa mara uonapo ua la kwanza la kijani, usingoje mavuno. Utoe nje ya shamba uuzike au uuchome. Palilia kingo, kwa sababu magugu huwahifadhi wadudu na ugonjwa kati ya msimu na msimu. Panda mapema pamoja na majirani. Simsim iliyochelewa hupokea wadudu waliokwisha kuzaliana kwenye mashamba ya wengine. Kama utapuliza dawa ya wadudu, ifanye mimea ingali michanga na wadudu wakiwa wanaonekana. Ukipuliza baada ya ua kugeuka, unaua nyuki tu. Kuna dawa za antibaiotiki zinazoweza kupunguza dalili maabara, lakini si za kupuliza kwenye shamba la chakula. Anayekuuzia "dawa ya kurudisha maua" anakuibia.

*Simama hapa:* ukihesabu mimea 100 mfululizo katika sehemu tofauti za shamba na zaidi ya 10 imegeuka, au ukiona dalili ileile kwenye karanga na soya za jirani, acha kujitibia. Mwite afisa kilimo wa gombolola. Kituo cha utafiti cha Serere, ambako aina za simsim ziitwazo Sesim zilitoka, ndicho chenye watu wa zao hili.

Dalili: mpapai unachanua lakini hauzai, au unazaa matunda yaliyokunjamana

"Mwalimu, mpapai wangu ulikuwa jike, sasa umekuwa dume." Sentensi hii nimeisikia kwa lugha zetu nyingi, na anayeisema huwa ameona kweli mabadiliko. Lakini ni lazima kwanza ujue una mti gani.

Mpapai una jinsia tatu, na zinaamuliwa na kromosomu. Jike ana XX. Dume ana XY. Mti wenye jinsia zote mbili ana X na aina nyingine ya Y, inayoandikwa Yh. Vunja ua moja uangalie. La jike ni nene, la mviringo chini, halina stameni hata moja ndani. La mti wa jinsia mbili ni refu kidogo, na ukilipasua unakuta stameni 10 zimeizunguka kapeli. Ya dume ni membamba, mengi, yananing'inia kwenye mikono mirefu inayoshuka mbali na shina.

Sababu ya kwanza ya kutozaa ni kwamba mti ni dume. Huko vijijini watu hupigilia msumari kwenye shina au kukata kilele ili "abadilike". Kromosomu haisikii msumari. Dume huweza kutoa tunda moja moja kwenye mkono wake hali ya hewa ikibadilika, na hapo ndipo imani ya msumari inapopatia ushahidi wake. Kama mipapai yako ni ya dume na jike, bakiza dume mmoja kwa kila majike 10 hadi 20, mengine kata.

Sababu ya pili: mti ni jike na hakuna chavua karibu. Jike hana stameni, atachanua na kupukutisha mpaka apate jirani.

Sababu ya tatu ndiyo ya "ulikuwa jike". Mti wa jinsia mbili ni mwepesi kuyumba. Jua kali na ukame vikija wakati maua yanapangwa, kapeli hudumaa, ua hubaki na stameni tu na kuanguka: mti unaonekana dume. Baridi, unyevu mwingi na mbolea nyingi ya naitrojeni huuelekeza upande wa pili: stameni hunenepa, hugandamana na kapeli na kuanza kuwa kapeli zenyewe. Tunda linalotoka hapo lina mikunjo, makovu na vyumba vya ajabu. Hapa unaona kwa macho, bila darubini, kiungo kikivaa utambulisho wa jirani yake. Ukichukua ua la mti huo na kukuta stameni tatu au nne zimekuwa nene na kushikana ubavuni mwa kapeli, umepata jibu.

Hii haitaki dawa. Kwa mti unaodumaza kapeli, mwagilia na kuweka matandazo wakati wa kiangazi. Kwa mti unaokunja matunda, punguza urea, toa matunda yaliyokunjamana yakiwa madogo ili nguvu iende kwa mengine, na subiri maua yanayopangwa sasa yafunguke. Miti mingine huyumba kila msimu huku jirani yake katika ardhi ileile hayumbi. Hiyo ni tabia ya ukoo wake, kwa hiyo usichukue mbegu kwake.

Kwenye kupanda upya kuna hesabu nzuri. Mbegu za mti wa jinsia mbili uliojichavusha hutoa theluthi mbili za jinsia mbili na theluthi moja majike, kwa sababu kijusi kinachopata Yh mbili hufa. Ukipanda miche 3 kwenye shimo moja na kungoja ichanue, uwezekano wa kukosa hata mmoja wa jinsia mbili ni 1 kati ya 27. Chagua huo, kata mingine.

Dalili: mahindi yana punje kileleni, au kilele kimekuwa majani

Kila ua dogo la mahindi huanza na jinsia zote mbili. Kwenye mbelewele, yaani kile kilele chenye chavua, kapeli huamriwa kufa; kwenye gunzi, stameni ndizo huzuiwa. Amri ya kuua kapeli hupitia homoni iitwayo jasmoni, na mahindi ambayo jeni ya kuitengeneza imeharibika huota punje kwenye mbelewele kizazi hadi kizazi.

Hata hivyo usikimbilie kulaumu mbegu. Mara nyingi punje kileleni hutokea kwenye vichipukizi vya pembeni, kwenye mimea ya ukingoni yenye nafasi kubwa, au pale ncha ya ukuaji ilipojeruhiwa mche ungali mdogo, kwa mvua ya mawe, mdudu au jembe. Angalia kama mmea una shina zaidi ya moja kutoka chini. Kama ndiyo, achana nayo. Hakuna cha kutibu na haiambukizi.

Kilele kilichokuwa kichaka cha majani ni jambo jingine. Kama shamba lilisimamisha maji siku kadhaa mahindi yangali machanga, shuku ukungu unaoingia kupitia maji hayo. Kama ndani ya majani hayo au mahali pa gunzi kuna unga mweusi, ni ugonjwa wa ukungu uitwao fugwe ya kichwa, ambao vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kumshika mche mapema. Kata kilele hicho kabla hakijapasuka, ukitie ndani ya mfuko, kichome. Usikipeleke kwa ng'ombe wala kwenye samadi. Msimu ujao badilisha zao na tumia mbegu iliyotiwa dawa.

Magunzi yenye mapengo au matupu ndiyo malalamiko mengi kuliko yote, na sababu ya kawaida ni ukame wakati wa kuchanua. Mbelewele humwaga chavua kwa siku chache. Ukame huchelewesha ndevu, zikitoka chavua imekwisha. Kuna kipimo kizuri sana: siku tatu hivi baada ya ndevu kutoka, chuma gunzi moja, vua maganda polepole bila kuvuta ndevu, kisha ligeuze na kulitikisa. Ndevu zilizochavushwa huachia na kudondoka. Zisizochavushwa hubaki zimeshika kwenye punje zake. Unaona papo hapo sehemu ipi ya gunzi ilikosa. Ndevu zikishika ncha tu, chavua iliwahi kuisha. Zikishika kila mahali, tazama mbelewele.

Mbelewele kavu zisizo na chavua, pamoja na majani ya juu kukauka kuanzia kingoni na ndani ya mmea kufa, ni jambo la kuogopa: ugonjwa wa virusi vinavyoshirikiana, uliojulikana Kenya mwaka 2011 kisha ukavuka mpaka kuja kwetu. *Simama hapa.* Usihamishe mabua, usibakize mbegu, toa taarifa siku hiyohiyo.

Kuhusu mbegu iliyobakizwa kutoka mahindi chotara, kama Longe 10H: kizazi chake cha pili hutofautiana, mimea haichanui pamoja, na mapengo huongezeka. Ukitaka kubakiza mbegu, tumia aina ya uchavushaji huru kama Longe 5.

Dalili: nyanya zinadondosha maua, au matunda yana makovu na mashimo chini

Kudondosha maua ni joto mara nyingi. Mchana ukizidi nyuzi 32 hadi 35, au usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 hivi, chavua hufa kabla ya ua kufunguka. Angalia ua: kwenye nyanya za kisasa shingo ya kapeli hujificha ndani ya mkoba wa stameni za njano. Ikichomoza nje, joto limeisukuma, na chavua haiifikii. Ndani ya nyumba ya nailoni tikisa vichala asubuhi, fungua pande zipitishe hewa. Nje, waachie nyuki wa mbao kazi yao. Sababu zinazofuata ni naitrojeni kupita kiasi, kisha vithiripi, wadudu wadogo sana, ndani ya ua. Gonga ua juu ya karatasi nyeupe utawaona wakitembea.

Makovu na mikunjo upande wa chini ni hadithi ya baridi, na ndiyo sababu Kabale na Kapchorwa huyapata zaidi ya Soroti. Nyanya pori ina vyumba viwili tu ndani. Nyanya kubwa tunazopenda zilitokana na mabadiliko kwenye jeni zinazodhibiti ukubwa wa kichipukizi cha ua. Kichipukizi kikipanuka, kapeli huongezeka, na tunda hupata vyumba vingi. Usiku wa baridi wakati ua linapangwa huongeza kapeli zaidi ya hapo, nazo hushikana vibaya. Kata nyanya katikati kwa upana uhesabu vyumba: ukikuta vingi visivyo na mpangilio, wiki tatu hivi kabla ya ua kufunguka kulikuwa na baridi. Dawa ni aina ya nyanya. Nyanya ndefu kama Rio Grande, yenye vyumba viwili au vitatu, hutulia mahali ambapo zile kubwa bapa hukunjamana.

Maua yaliyoshikana pamoja na majani membamba yaliyojisokota ni dawa ya magugu aina ya 2,4-D, mara nyingi kutoka pampu ileile iliyotumika kwenye mahindi. Kuosha mara moja hakutoshi. Pampu ya magugu iwe na rangi yake na kazi yake. *Simama hapa* kama shamba la jirani ndilo chanzo: usipulize kitu kingine juu yake na usiuze matunda hayo mpaka afisa aone. Piga picha kabla majani hayajakauka, hiyo ndiyo hoja yako mkikaa na mwenyekiti wa kijiji.

Dalili: maboga, matango na tikiti hutoa maua tu

Maua ya kwanza ni madume, ndivyo yalivyo, kwa hiyo subiri. Ua jike lina kitunda chini yake. Hapa jinsia huamuliwa na homoni ya ethilini: jeni zinazoitengeneza zikiwashwa, stameni huzuiwa na ua huwa jike. Watafiti wa Ufaransa waliitambua jeni ya aina hiyo kwenye tikiti mwaka 2008. Joto kali na naitrojeni nyingi husukuma upande wa madume.

Kama vitunda vipo lakini vinageuka njano na kuoza, tatizo ni kukosa nyuki. Chavusha kwa mkono alfajiri, maua ya boga yakiwa wazi. Yakifungwa kabla ya adhuhuri umechelewa. Na dawa ya wadudu, jioni tu.

Dalili: ua la mgomba limenyauka, au ndizi zina mbegu

Matooke, ndizi ya kupika, haina mbegu kwa sababu ina seti tatu za kromosomu na tunda lake hukua bila kuchavushwa. Kayinja, ndizi ya pombe, inaweza kupata mbegu ngumu nyeusi chavua hai ikiifikia. Si ugonjwa. Mkungu wenye vichana vichache ulipangwa hivyo miezi kadhaa nyuma, wakati wa njaa au kiangazi. Mbolea ya sasa itasaidia machipukizi, si mkungu huo.

Ua dume lililonyauka, lile Waganda waliitalo empumumpu, ndilo la kutisha. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, kule Mukono, na wadudu huubeba hadi kwenye makovu mabichi ya maua dume yanayodondoka. Kata ndizi moja: ukiona nyama yenye rangi ya kutu, au usaha wa njano ukitoka kwenye shina lililokatwa, weka panga chini. *Simama hapa.* Panga hilo likigusa mgomba mwingine umeupanda ugonjwa. Lichome kwenye moto au lioshe kwa jiki, ng'oa shina gonjwa, na mpigie afisa.

Kwa migomba mizima, toa ua dume mara kichana cha mwisho kikishatoka, kwa kijiti chenye panda: unalizungusha na kulivunja, bila chuma. Hii ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote tulizo nazo.

Dalili: kahawa ya robusta imechanua nyeupe kabisa, matunda machache

Uliza kwanza una aina ngapi za miche ya vikonyo. Robusta huikataa chavua yake mwenyewe. Jeni kwenye kapeli huitambua na kuizuia. Ukipanda shamba zima kwa mche mmoja wa KR, yaani aina moja ya robusta ya vikonyo, miti yote ni ndugu wa damu moja na wanakataana. Changanya aina kadhaa, mstari kwa mstari. Shamba lililokwisha kukosea hupandikizwa vikonyo vya aina nyingine hapa na pale. Watu wa kituo cha Kituza, Mukono, wanajua zipi zinachanua pamoja. Arabika ya Bugisu haina shida hii.

Ukienda kwa mtaalamu

Beba mmea mzima wenye mizizi kama zao ni dogo, au tawi lenye maua mabaya na mazuri pamoja. Funga kwenye gazeti kavu, si kaveera (mfuko wa plastiki), maana ndani ya kaveera ua huoza kabla boda haijafika mjini. Mgomba na mahindi unayoshuku kuwa na ugonjwa wa kuambukiza usiyabebe. Piga picha na uite mtu aje. Andika jina la mbegu na duka ulikoinunua, siku ya kupanda, siku ua la kwanza lilipofunguka, mbolea na dawa zote tangu kupanda, na kama kasoro inaongezeka au imesimama. Simsim na mtama huulizwa Serere, mahindi na maharage Namulonge, ndizi Kawanda, kahawa Kituza, lakini mlango wa kwanza ni afisa kilimo wa gombolola lako, na ndiye atakayejua kama majirani wameleta ua lilelile.